Mke Kajifungua Juzi, Baba Mzazi Yu Mahututi

Mpendwa msomaji, hebu jiweke katika hali hii. Ni mwezi wa Januari. Mke wako amejifungua majuma matatu yaliyopita, na bado yuko kitandani, hana nguvu. Mtoto wenu mkubwa ana miaka saba. Hatulii, na kila dakika ana swali jipya. Nje kuna baridi ya kuua. Kazini kwako ndio wakati ule wa mwaka ambao hata chakula cha mchana ni cha kubahatisha. Ndipo inakufikia barua kutoka kwa jamaa zako, ya tatu sasa: baba yako yu mahututi, na kama wataka kumwona, njoo upesi. Zile mbili za kwanza hukuzijibu. Je, utafunga mzigo uende, au utabaki?

Usiharakishe kujibu. Katika nyumba nyingi bwana atasema hili na bibi atasema lile, na jamaa wa mume wakisikia watakuwa na lao la tatu. Jambo hili limeharibu uhusiano wa ukoo mmoja na mwingine kwa miaka mingi, na mara nyingi mama aliyekuwa kitandani ndiye aliyebebeshwa lawama.

Bwana aliyefikwa na jambo hilo alikuwa Abraham Lincoln, na mahali ni Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois nchini Marekani, mwaka 1851. Watoto wetu humsoma shuleni kama Rais wa 16 wa Marekani, yule aliyetoa tangazo la kuwaweka huru watumwa mwaka 1863 na akauawa kwa risasi mwaka 1865. Hayo tuwaachie walimu. Sisi tumtazame Lincoln mwingine, wakili wa miaka 41 katika mji wa watu kama 4,500, mwenye mke, mvulana mmoja mtundu, kitoto kichanga, ng'ombe wa maziwa na rundo la kuni zinazongoja kupasuliwa.

Ili uelewe yaliyompata, lazima kwanza ujue hao wawili walitoka wapi. Walioana tarehe 4 Novemba 1842, yeye akiwa na miaka 33 na Mary Todd miaka 23. Mary alikuwa binti wa tajiri wa Lexington, Kentucky. Alisomeshwa vizuri mpaka akajua Kifaransa, na katika nyumba ya baba yake kazi za jikoni na za kufua zilifanywa na watumwa. Abraham alizaliwa katika kibanda cha magogo chenye chumba kimoja. Shule aliyopata utotoni, ukijumlisha vipindi vyote, haikufika mwaka mmoja. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala, naye alimwazima mwanawe kwa majirani afanye vibarua, kisha ujira akauchukua yeye, kama sheria ya siku zile ilivyomruhusu mpaka kijana atimize miaka 21. Mwanawe alipotimiza umri huo hakukaa sana. Aliondoka kwa babake mwaka 1831, na hakurudi tena kukaa.

Tofauti hizo za malezi zilionekana mapema katika ndoa yao. Walianza maisha katika chumba cha kupanga kwenye nyumba ya wageni, kwa dola 4 kwa juma pamoja na chakula. Humo ndimo alimozaliwa Robert, tarehe 1 Agosti 1843. Ebu fikiria, wewe mama, mtoto wa kwanza analia usiku na nyuma ya ukuta wamelala wasafiri usiowajua. Mwaka 1844 walinunua nyumba yao kwenye kona ya mitaa ya Eighth na Jackson, kutoka kwa mchungaji yule yule aliyewafungisha ndoa. Ilikuwa nyumba ya mbao, ya ghorofa moja na nusu, vyumba vya juu vikiwa vya dari fupi. Mtu mrefu kama Lincoln alilazimika kuinama. Nyumba hiyo ipo hata leo, ingawa waliiongeza ghorofa kamili mwaka 1856, na serikali ya Marekani inaitunza kama mahali pa historia.

Lakini kuna jambo moja lililowafanya wafanane, nalo ni zito. Mary alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita, na mama huyo alikufa baada ya kujifungua. Abraham alifiwa na mama akiwa na miaka tisa. Kisha dada yake wa pekee, Sarah, akafa katika uzazi mwezi wa Januari 1828, na mtoto naye hakupona. Kwa hiyo katika nyumba ile neno kujifungua halikuleta furaha peke yake. Kila mmoja wao alikuwa na kaburi moyoni.

Sasa tuufikie mwaka 1850. Bwana na Bibi Lincoln walikuwa na wavulana wawili, Robert na mdogo wake Edward, waliyemwita Eddie. Mwezi wa Julai 1849 baba yake Mary alikuwa amekufa kwa kipindupindu. Januari 1850 akafa nyanya yake. Wakati huo huo Eddie alikuwa amelala mgonjwa, na ugonjwa huo unadhaniwa ulikuwa kifua kikuu. Alilala siku 52. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1850 akafariki, hajatimiza miaka minne. Mama aliyezika watu watatu wa damu yake katika muda usiofika miezi saba hahitaji kuambiwa huzuni ni nini.

Tarehe 21 Desemba mwaka ule ule alizaliwa mvulana wa tatu. Walimwita William Wallace, jina la shemeji yao daktari, mume wa Frances dada yake Mary. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na Willie.

Msomaji wa Limuru au Kinangop, aliyeuonja ukungu wa mwezi wa Julai, ataionea huruma Springfield ya Januari, lakini hata yeye hajaiona baridi yenyewe. Huko usiku joto hushuka chini ya sifuri na kukaa huko siku nyingi, theluji hulala barabarani, na maji yaliyoachwa ndani ya beseni huweza kuganda kabla ya asubuhi. Nyumba za wakati ule hazikuwa na maji ya bomba. Maji yalipampiwa uani, yakabebwa kwa ndoo, yakachemshwa juu ya moto wa kuni. Choo kilikuwa nje. Nepi za mtoto zilifuliwa kwa mkono, na zikianikwa nje zilikauka kama mbao kwa kuganda, hata ikabidi zitundikwe ndani karibu na moto, juu ya vichwa vya watu. Chumba chenye moto kilikuwa na joto. Hatua chache kutoka hapo ulikuta baridi tupu. Kwa hiyo mama mzazi, kichanga, mvulana wa miaka saba, nguo zinazokauka na chakula kinachopikwa, vyote vilibanana mahali pamoja. Siku zilikuwa fupi, na jioni waliwasha mishumaa na taa za mafuta mapema.

Nani alifanya kazi? Sensa ya mwaka 1850 ilimkuta katika nyumba hiyo msichana wa kazi wa miaka 18 aliyetoka Ireland, mmoja wa wasichana wengi waliohamia Marekani miaka ile ya njaa kuu ya kwao. Mary hakuwa mtu rahisi kwa wasichana wa kazi. Walikuja na kuondoka. Alikuwa na hasira za ghafla, na alikuwa mwepesi wa kuingiwa na hofu, hasa watoto walipougua. Hapa nitie neno langu. Mengi mabaya tunayosimuliwa juu ya Mary yametoka kwa Herndon, mwenzake Lincoln katika ofisi ya uwakili, na hao wawili hawakupendana hata kidogo. Soma maneno yake kwa tahadhari. Mwanamke aliyelelewa akipikiwa na watumwa, kisha akajifunza mwenyewe kupika, kushona nguo za watoto na kulea kwa kipato cha wakili anayechipuka, hakuwa mvivu.

Dada zake watatu waliolewa mjini humo, kwa hiyo ukoo wa kike ulikuwa karibu. Na bwana naye alikuwepo. Hili akina baba walisikilize. Kwa muda mrefu wa mwaka Lincoln hakuwa nyumbani. Kila majira ya kuchipua na kila majira ya vuli alipanda farasi au kigari chake na kufuatana na hakimu kutoka mahakama ya kaunti moja hadi nyingine. Mzunguko huo ulikuwa na kaunti 14 kwa wakati fulani, na ulimchukua majuma mengi kila mara. Mawakili wengine walijitahidi kurudi kwao mwisho wa juma. Yeye mara nyingi alibaki huko huko. Robert alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba picha ya babake iliyokaa zaidi kichwani mwake ni ya mtu anayepakia mikoba ya farasi ili aondoke. Ni kumbukumbu ya kusikitisha kwa mtoto kuwa nayo. Lakini majira ya baridi yalikuwa tofauti. Wakati huo mahakama kuu ya jimbo ilikaa Springfield penyewe, na baba alilala kwake. Kwa wavulana wa Lincoln, baridi ndiyo iliyoleta baba nyumbani.

Naye alipokuwepo, alikuwepo kwa mikono yake. Alipasua kuni. Alimkamua ng'ombe na kumlisha farasi yeye mwenyewe, hata alipokuwa ameshakuwa mbunge aliyerudi kutoka Washington. Kukiwa na hali nzuri nje alimtia mtoto katika kigari kidogo na kukikokota njiani, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukishika kitabu. Majirani walicheka. Wanaume walisema ametawaliwa na mkewe, na inasimuliwa kwamba siku moja mtoto alianguka nje ya kigari akalia, na baba akaendelea kusoma na kukokota. Cheka, lakini jiulize wewe mwenyewe uliacha lini kumbeba mwanao barabarani kwa kuogopa wanaume wa kwenye kona.

Juu ya adabu ya watoto hao wawili hawakukubaliana sana. Mwaka 1846 Lincoln alimwandikia rafiki yake Joshua Speed habari za Robert, aliyekuwa na miaka mitatu. Akiwa katikati ya barua, mjumbe akaja ofisini kumwambia mtoto amepotea. Baba akakimbia nyumbani. Alipofika, mama alikuwa ameshampata mtoto na ameshamchapa, na Lincoln akaimalizia barua kwa kukisia kwamba huenda sasa hivi ametoroka tena. Mama alichapa, baba akaona kichekesho. Baadaye mama naye alilegea, hasa baada ya kifo cha Eddie, na wavulana waliofuata walilelewa bila breki. Jumapili, Mary akiwa kanisani, baba aliwapeleka ofisini; wakamwaga wino, wakatawanya karatasi za kesi, wakazikanyaga, na baba akaendelea kusoma kana kwamba yuko peke yake. Herndon alikuwa karibu kupasuka kwa hasira, na hapa nakiri namwonea huruma. Mwana asiyekatazwa kuharibu kazi ya mtu mwingine hapendwi zaidi kwa hilo. Lakini ukikumbuka jinsi Lincoln mwenyewe alivyolelewa, kwa kibarua na ukali, utaona anachokikimbia.

Na hapa ndipo barua za Januari 1851 zinapoingia.

Thomas Lincoln alikuwa akiishi katika kaunti ya Coles, zaidi ya kilomita 130 kutoka Springfield, pamoja na mke wake wa pili, Sarah Bush, mama wa kambo aliyemlea Abraham kwa upendo mkubwa. Reli ya kwenda upande huo haikuwepo bado. Ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa farasi juu ya theluji na tope lililoganda. Aliyeandika barua alikuwa John Johnston, mtoto wa mama huyo wa kambo, mtu ambaye hakupenda kazi na aliyependa kuomba pesa. Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Mei 1849 Lincoln aliitwa namna hiyo hiyo, akaacha shughuli zake akaenda, na akamkuta mzee hayuko katika hatari. Pengine hiyo ilikuwa sababu moja ya kunyamaza. Barua mbili zilifika, hakujibu. Ikabidi ndugu mwingine wa ukoo aandike kuuliza kuna nini.

Tarehe 12 Januari 1851 akaketi na kumjibu Johnston. Alisema hakuwa amesahau wala kupuuza. Aliona tu hana la kuandika ambalo lingefaa. Alitaka baba na mama wasikose chochote kwa ajili ya afya yao, na akaruhusu jina lake litumiwe kumwita daktari ikihitajika. Alisema kazi zake zingemzuia kuondoka hata kama mkewe angekuwa mzima, lakini tena mkewe yuko kitandani kwa ugonjwa wa uzazi, ingawa anadhani si wa hatari. Akaomba baba aambiwe amkumbuke na kumwita Muumba wake, ambaye hamsahau hata shomoro anayeanguka. Kisha akaandika neno ambalo ndilo kiini cha barua yote: kwamba kama wangeonana sasa, haijulikani kama kukutana kwao kusingekuwa na uchungu kuliko furaha. Akamtumainisha mzee kwamba ng'ambo ya pili atawakuta wapendwa waliotangulia.

Siku tano baadaye, tarehe 17 Januari, Thomas akafa. Mwanawe hakwenda kumzika.

Msomaji, kabla hujamhukumu, rudi utazame kitanda kile. Mary alikuwa na kichanga cha majuma matatu, na kifo cha Eddie kilikuwa hakijatimiza mwaka. Lincoln aliandika kwamba ugonjwa si wa hatari, lakini mtu ambaye dada yake alikufa katika uzazi, tena katika mwezi huo huo wa Januari, hawezi kuwa aliyaandika maneno hayo kwa moyo mtulivu. Mume anayebaki na mke wa namna hiyo, akachochea moto usiku na kumshika mtoto ili mama apate usingizi, anatimiza alichoahidi siku ya ndoa. Sioni kosa hapo. Nasi tusisahau kwamba mwanamume huacha baba na mama yake akaambatana na mkewe. Neno hilo husomwa kanisani kila harusi, na wazee wakiwa wamekaa viti vya mbele wakilisikiliza.

Lakini barua haikuishia kwa mke. Lincoln mwenyewe alikuwa mkweli kiasi cha kusema kwamba kulikuwa na jambo lingine, nalo lilikuwepo miaka mingi kabla Mary hajaingia katika maisha yake. Thomas hakuwa kwenye harusi. Hakuwahi kufika Springfield kuwaona wajukuu. Pesa mwana alituma. Mwaka 1841 alinunua kwa dola 200 ekari 40 za baba yake, na akawaachia wazee waendelee kuzitumia maisha yao yote. Mwisho wa mwaka 1848 akatuma dola 20 ili shamba lisipotee. Mkono haukuwa mkavu. Ila mguu haukutaka kwenda.

Wako mabwana wengi wa namna hii kati yetu. Ukimuuliza mbona haendi kwao, atasema mke ni mgonjwa, mtoto ni mdogo, nauli hakuna. Yote ni kweli, na bado siyo sababu. Kwao nao hawajui ugomvi wa zamani kati ya baba na mwana, au wanaujua na hawataki kuusema, basi wanamwona mke ndiye aliyemfunga kijana wao kamba. Mama huyo atakuja kupokewa kwa uso wa mawe kwenye kila msiba wa ukoo, kwa kosa asilolifanya. Wewe bwana, ukibaki kwa sababu ya mke, sema hivyo na uwe unasema kweli. Ukibaki kwa sababu ya kidonda chako, kiseme ni chako. Wala usikae na barua mbili mfukoni bila kujibu. Kubaki nyumbani kunaweza kueleweka; kunyamaza kwa mgonjwa ni vigumu zaidi kukueleza.

Na wewe bibi, unapomwona mwenzako amenyamaza na barua mkononi, huo si wakati wa kufurahia kwamba umeshinda na anabaki kwako. Muulize habari za baba yake.

Maisha yaliendelea. Mwezi wa Novemba 1851 Johnston alitaka kuuza shamba ahame, na Lincoln akaandika barua kali kuzilinda haki za mama yao mjane juu ya ardhi ile. Mwezi wa Aprili 1853, tarehe 4, Mary akajifungua mvulana wa nne na wa mwisho. Wakati huo, inasimuliwa, jirani mmoja naye alikuwa amejifungua na akawa mgonjwa sana hata asiweze kunyonyesha. Mary alikuwa na maziwa tele. Lincoln akavuka barabara, akakichukua kitoto cha jirani katika mikono yake mikubwa, akakileta kwa mkewe kinyonye, kisha akakirudisha. Hao ndio watu wale wale ambao ofisini walisemwa hawana subira na kiburi kimewajaa.

Mtoto wao huyo alikuwa na kichwa kikubwa, na baba akamwita Tad, kwa kumfananisha na kiluwiluwi wa chura. Alizaliwa na kasoro ya kaakaa, na kwa miaka mingi watu wa nje hawakuelewa maneno yake; baba alielewa kila kitu. Majira ya baridi yaliyofuata nyumba ilikuwa na wavulana watatu: Robert wa miaka 10, Willie aliyekuwa ametimiza mitatu, na Tad aliyekuwa akitambaa kuelekea kila kitu chenye moto. Inasimuliwa kwamba siku moja Lincoln alikuwa akicheza mchezo wa sataranji na jaji mmoja, mvulana wake akatumwa kumwita chakula. Baba akasema naja, asije. Mara ya mwisho mtoto akaupiga ubao teke, vipande vikaruka. Lincoln akasimama, akamwambia jaji watamaliza siku nyingine, akamfuata mwanawe nyumbani. Mzazi mwingine angechapa. Mimi ningechapa, pengine. Lakini alikuwa ameitwa, na chakula kilikuwa kinapoa.

Willie, yule wa Januari ile, alikua mtoto mpole wa kupenda vitabu. Alikufa Washington tarehe 20 Februari 1862, akiwa na miaka 11, kwa ugonjwa unaoaminiwa kuwa homa ya matumbo, katikati ya majira mengine ya baridi, na Tad akiwa mgonjwa chumba cha pili. Mary hakuingia tena katika chumba alichofia. Kati ya wavulana wote wanne ni Robert peke yake aliyezeeka.

Nilikuwa karibu kusahau jina la Tad. Hilo la kiluwiluwi lilikuwa la utani. Jina alilopewa lilikuwa Thomas, jina la babu ambaye mwanawe hakwenda kumzika. Wengi wetu tunajua maana ya kumpa mtoto jina la mzee, na Lincoln hakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote.

Mwisho wa Januari 1861, akiwa ameshachaguliwa kuwa Rais na zikiwa zimebaki siku chache aondoke Springfield, alifanya safari ile ambayo hakuifanya miaka kumi nyuma, katika mwezi ule ule. Alikwenda mpaka kaunti ya Coles kumwaga mama yake wa kambo. Mama alilia, akihofu kwamba hatamwona tena, na kweli hakumwona. Yeye mwenyewe aliishi mpaka 1869. Safarini humo Lincoln alikwenda kusimama kwenye kaburi la baba yake. Halikuwa na jiwe. Alisema atahakikisha linawekwa moja, akarudi Springfield kumalizia kufunga mizigo, na kaburi likabaki vile vile siku zote alizoishi.